Walipopiga Mnada Fimbo ya Nembris

Ndugu wasomaji, naitwa Ndeshi, nina miaka ishirini na saba, ni msusi wa nywele hapa Arusha. Shule niliishia kidato cha pili, kwa hiyo mtanivumilia nikiandika kama ninavyoongea. Wanaonijua wanasema mimi ni mtu wa kucheka na kuota ndoto mchana kweupe... Ni kweli, hata leo naota. Lakini juzi niliona meza ya puli ikishushwa kwenye gari pale Kaloleni, nikalia mbele ya mteja, kitana mkononi, mpaka akaniuliza kama nimefiwa.

Nikamwambia ndiyo, ila si leo.

Aliyenifanya nilie ni rafiki yangu Nembris. Sijawahi kumwona mtu aliyependa puli kama yule msichana. Wengine wanapenda kucheza ili waonekane, yeye alipenda ule mlio wenyewe, mpira ukigonga mwenzake... kwaa! Alisema ule mlio unamsafisha kichwa.

Tulikua pamoja. Kwao ni juu, ukipandisha kutoka Sekei kuelekea mlimani, kwenye migomba na kahawa. Sisi tuko chini kidogo, nyumba ya mama yangu iko Sekei penyewe. Usharika wetu ulikuwa mmoja, kwaya ya vijana moja, tena sauti ya pili wote wawili. Tulipomaliza shule, yaani yeye alipomaliza na mimi nilipoishia, mimi nikaenda kujifunza kusuka kwenye saluni moja Sakina, na yeye akawa anateremsha maparachichi ya kwao anawauzia mafundi wa magereji kando ya barabara ya Nairobi.

Nyuma ya gereji moja palikuwa na kibanda cha mabati, na ndani yake meza ya puli. Mwenyewe tulimwita Baba Junior. Hakuuza pombe pale, aliuza soda na maandazi tu, kwa sababu mkewe alikuwa ameokoka na alikuwa hataki mchezo. Mafundi walicheza wakisubiri spea. Nembris alikuwa akimaliza kuuza anasimama mlangoni na beseni tupu kichwani, anatazama. Siku moja fundi mmoja akamtania, "Dada parachichi, njoo upige na wewe, au unaogopa kuchafuka?"

Akashusha beseni. Akapiga. Akakosa vibaya, wakamcheka.

Kesho yake akarudi. Na keshokutwa.

Ile meza ilikuwa na kasoro yake. Ardhi ya pale yote imelala, inashuka kutoka mlimani, na Baba Junior alijaribu kuweka vipande vya mbao chini ya miguu ya meza, lakini wapi. Mpira ukiupiga polepole, mwishoni unakunja kidogo kuelekea barabarani. Mafundi walikuwa wanalalamika na kulaani meza. Nembris hakulalamika. Aliichunguza kama mtu anavyochunguza ng'ombe mkorofi mpaka akaijua. Alikuwa analenga pembeni ya shimo, anapiga taratibu, kisha anasimama wima na kungoja. Mimi nasema umekosa. Yeye ananiambia, "Subiri, mlima unausukuma." Na kweli, mpira unakunja... unaingia.

"Mlima unasukuma" likawa neno letu. Nikilia kwamba sina wateja, ananiambia hivyo hivyo. Subiri Ndeshi, mlima unasukuma.

Mimi sikuwa najua kucheza, na mpaka leo sijui. Lakini Baba Junior alipomuuzia Nembris fimbo moja ya puli iliyochakaa, mimi ndiye niliyeitengeneza. Kishikio chake kilikuwa kinateleza, basi nikachukua nyuzi za rasta zilizobaki saluni, nyekundu na nyeusi, nikakisuka mtindo wa twende kilioni, wa kubana kabisa. Nembris aliigeuza mkononi akacheka mpaka akakaa chini. Akasema fimbo yake imependeza kuliko yeye.

Ndoto zetu zilikuwa nyingi, nyingine za kuchekesha. Mimi nilitaka siku moja tufungue saluni yenye meza ya puli katikati. Mwanamke anasubiri zamu yake ya kusukwa, badala ya kusengenya anacheza. Nembris akasema basi wasengenye na kucheza, ndiyo raha yenyewe.

Tulikuwa na desturi moja, naomba muikumbuke. Tukigombana hatukuwa watu wa kuombana samahani kwa maneno, tuliona haya. Aliyekosa alichukua kile kibonge cha chaki ya bluu, ile ya kupaka kwenye ncha ya fimbo, akampakia mwenzake fimbo yake, akamkabidhi fimbo na chaki. Basi, yameisha. Mwenzako haulizi tena, anachukua zamu yake ya kupiga. Nilishampakia mimi mara nyingi, yeye alinipakia pia, ingawa mimi fimbo nilikuwa naazima ya Baba Junior.

Sasa akaja Elisante.

Elisante alikuwa fundi wa magari, chalii mtanashati, mpole, na alikuwa ndiye mbabe wa meza ile kabla ya Nembris. Sheria ya pale ni kwamba anayeshinda anabaki mezani, na Elisante alikuwa anabaki mpaka chai inapoa. Nembris alipomwondoa mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili alicheka pia. Mara ya tatu akamwomba namba ya simu. Mimi nilifurahi, jamani, nilimpenda Elisante kama kaka. Alimpenda Nembris kwa sababu ya puli, hilo nilishuhudia kwa macho yangu.

Lakini kumpenda msichana anayekushinda ni jambo moja, na kumwoa ni jambo jingine... Posa ilipopelekwa, wenzake pale gereji wakaanza. "Shemeji anakuchapa mezani, nyumbani si ndiyo utafua nguo?" Mwingine anadakia, "Ufue tu, bora asikwambie upige ule mpira mweusi wa mwisho." Elisante anacheka nao, lakini mimi niliona kicheko kikipungua wiki kwa wiki. Akaanza kumwambia Nembris kwamba mke wa mtu hainamii meza mbele ya wanaume. Nembris akamwambia sawa, akiolewa ataacha, ila sasa bado hajaolewa.

Ndipo yakatangazwa mashindano Kaloleni, karibu na uwanja wa mpira. Zawadi mbuzi. Yalikuwa Jumapili asubuhi, saa za ibada, na siku hiyo kwaya yetu ilikuwa inaimba. Nembris aliniambia anataka acheze mara moja tu kwenye meza ya watu wengine, meza iliyolala sawasawa, ajue kama yeye ni mchezaji au ni mlima tu uliokuwa unamsaidia. Kisha angeacha, ameridhika.

Ningemkatalia vipi?

Alimwambia mwalimu wa kwaya kwamba anakwenda kunisaidia kumsuka bibi harusi. Hata Elisante, Nembris alimdanganya vilevile. Tukaenda wawili. Alivaa raba zangu nyekundu.

Wasomaji, alianza vibaya. Mpira ulikuwa unakwenda pale pale alipoulenga, haukunji, na yeye alizoea ukunje. Watu wakaanza kumzomea kidogo, wakisema dada arudi jikoni. Akanitazama. Nikainua mabega tu. Akapaka chaki taratibu, akafikiri... kuanzia hapo sikumwona akikosa tena. Yule aliyecheza naye mwisho, baba mmoja mnene mwenye kofia ya pama, alimpa mkono akamwambia, "Mwanangu, wewe umefundishwa na nani?" Nembris akajibu kwamba amefundishwa na meza mbovu. Watu walicheka, ikawa kelele.

Tulimkokota yule mbuzi kwa miguu kutoka Kaloleni hadi Sekei. Alikataa kuvuka barabara, akala ua la mtu, askari wa barabarani akatuuliza kama ana leseni. Nembris alicheka njia nzima. Nikifumba macho sasa hivi nasikia kile kicheko. Mbuzi tulimwacha kwa mama yangu, tukamwambia ni wa Nembris, amepewa na mtu, amtunzie.

Hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya furaha yetu.

Siku chache baadaye Nembris aliitwa kwenye baraza la wazee wa kanisa. Alikuta maswali yote yako tayari. Walijua alikuwa Kaloleni wakati wa ibada. Walijua alidanganya kwamba anakuja kunisaidia kusuka. Walijua mpaka raba nyekundu. Matangazo ya ndoa yake yalikuwa karibu kuanza kusomwa, na mzee mmoja akasema hayawezi kusomwa mpaka asimame mbele ya usharika aungame na kurudi kundini. Mchungaji wetu alikuwa mtu mpole, alijaribu kulipunguza, akasema ni kosa la ujana. Lakini wazee walishikilia. Nembris akauliza ni nani aliyewaambia. Wakamjibu kwamba ni mtu wake wa karibu kabisa, anayemtakia mema.

Mtu wake wa karibu kabisa... Mngekuwa ninyi mngemfikiria nani?

Hakuniuliza. Alinyamaza. Simu hakupokea, saluni hakufika, maparachichi akawa anauzia upande mwingine wa barabara. Mimi nikadhani ana aibu. Nikasema nimwache apumue, mlima unasukuma.

Jumapili ya kuungama ikafika. Alisimama mbele na gauni jeupe la kwaya, akasema maneno aliyofundishwa kusema, sauti ikikatika. Kisha akafanya jambo ambalo sijui lilitoka kichwani mwake au kwa mtu mwingine. Alikwenda nyuma ya mlango, akaleta ile fimbo, akaiweka mbele pamoja na sadaka za mazao. Kanisa zima likaguna. Mimi nilibana mdomo na kitambaa nisilie kwa sauti.

Wale wa kwetu mnajua utaratibu. Ibada ikiisha, sadaka za mazao zinatolewa nje zinapigwa mnada, mkungu wa ndizi, mayai, kuku, maziwa, na pesa inakuwa ya kanisa. Anayenunua anaweza akachukua, au akampa mtu mwingine kwa upendo. Unanunua kuku unasema namzawadia mchungaji. Unanunua ndizi unasema namrudishia mwenyewe, na watu wanapiga makofi. Hilo la kumrudishia mwenyewe ni heshima kubwa.

Aliyekuwa anapiga mnada ni babu mmoja mchangamfu. Aliuza ndizi, aliuza mayai, mpaka akaishika ile fimbo. Akaigeuza geuza, akapapasa nyuzi zangu nyekundu na nyeusi.

"Hii sasa," akasema, "ni ya kuchungia nini?"

Chalii mmoja wa nyuma akajibu, "Ya kuchungia mipira, babu."

Watu wakacheka. Nembris alikuwa amesimama kando ya mama yake, anatazama chini. Kile kicheko kilinichoma. Niliona pale pale kwamba kazi yangu ni kuinunua ile fimbo na kumrudishia. Basi. Nimwonyeshe mbele ya wote kwamba ana rafiki. Moyo wangu haukuwaza zaidi ya hapo.

Bibi mmoja, tulimwita Bibi Mwambe, jirani wa kina Nembris, alikuwa ameshataja bei yake. Alisema ana mgomba umezaa mkungu mkubwa, unataka kuanguka, fimbo hiyo itamfaa kuuegemeza. Nikanyoosha mkono nikaongeza. Bibi akaongeza. Nikaongeza tena, nikasema kwa sauti ili Nembris anisikie, "Na nikiipata, namrudishia mwenyewe."

Hakuna aliyepiga makofi.

Mzee mmoja wa kanisa akanigeukia. Akaniuliza, "Binti, unamrudishia nini? Kile alichokiacha mbele za Mungu sasa hivi?" Watu wakanong'ona. Babu wa mnada akajikohoza, akamkabidhi Bibi Mwambe fimbo upesi upesi, yakaisha.

Nembris alinifuata getini. Macho yalikuwa makavu kabisa. Aliniambia maneno ambayo nayajua kama sala.

"Umeniuza kwa wazee, Ndeshi. Halafu umekuja kuninunua mnadani, watu wakuone."

Nilifungua mdomo. Kabla sijasema kwamba mimi sijamwambia mtu yeyote, Elisante alishamshika mkono wanaondoka. Alikuwa amesikia yote. Alinitazama mara moja, akatazama pembeni. Na mimi pale pale ningekimbia nikawazuia njiani, nikapiga kelele, nikagaragara chini... lakini nilikwenda nyumbani nikajifungia. Niliumia kwamba anaweza kunifikiria hivyo. Nikasema akitulia atanitafuta mwenyewe.

Harusi ilifungwa. Sikualikwa. Siku ile nilikuwa saluni namsuka bibi harusi mwingine, na machozi yangu yalimdondokea utosini, akadhani nimemwagia maji.

Halafu mabaya yakaongozana. Sijui kama mnafahamu kwamba msusi haishi kwa mikono tu, anaishi kwa mdomo wake kufungwa. Mwanamke akikukalishia kichwa saa nzima anakuambia mambo ambayo hata dada yake hayajui. Neno lilipoenea pale Sakina kwamba Ndeshi alimuuza rafiki yake kipenzi, wateja walianza kupungua. Wachache waliokuja walikaa kimya kama wako kwa daktari wa meno. Mmoja nilimuuliza tu watoto hawajambo, akanijibu, "Hawajambo, na usiwataje mahali." Mwenye saluni akaniita pembeni. Alisema ananipenda, ila saluni yake inakuwa kama kaburi. Nikaondoka.

Nikahamia Kaloleni, chumba cha kupanga, nikaanza kwa mama mmoja wa saluni ndogo nyuma ya maduka. Nikabadilisha na laini ya simu. Nilitaka niwe mtu mpya asiyejulikana. Yule mbuzi alikaa kwa mama mpaka Krismasi, hakuna aliyekuja kumdai, mama akaona amchinje. Sikuweza kula. Mama akadhani nimeugua.

Mwaka ukapita na zaidi. Siku moja mama akanipigia, tukaongea hili na lile, kisha akaniambia Nembris alipita nyumbani, amekuja kutoka Karatu ambako mumewe alipata kazi, ameniulizia, na amesema...

Nikamkatiza. Nikamwambia, "Mama, salamu zako nimezipokea, lakini habari za huyo mtu sitaki."

Mama akasema, "Haya mwanangu."

Hivyo tu. Sikumwacha hata amalize sentensi. Kumbukeni hapo, wasomaji, kwa sababu mimi hapo ndipo ninaporudi kila siku.

Haikupita miezi mingi, mama akapiga tena, safari hii analia. Nembris aliugua ghafla huko Karatu, kichwa, homa, wakasema ni malaria, kumbe ni kitu kingine kabisa. Wakati wanamleta hospitali ya mjini alikuwa hajitambui. Hakuamka.

Nilikwenda msibani nikiwa nimejifunika kanga mpaka machoni. Tulimzika kwao juu, pembeni ya nyumba, katikati ya migomba, mahali ambapo tukiwa watoto tulikuwa tunacheza kidali po. Kwaya iliimba. Ule wimbo una mahali sauti ya pili inashuka peke yake. Nilijaribu kuimba, nikashindwa. Pale palikuwa pake na mimi, sasa palikuwa pangu tu.

Baada ya mazishi, watu wananawa mikono ili wale, Elisante alinifuata pale nilipokuwa nimesimama kwenye kahawa. Alikuwa amekonda. Hakunisalimia.

Alisema, "Ni mimi niliyesema, Ndeshi."

Nikateremsha kanga usoni.

Akaeleza. Siku ile ya Kaloleni, mtu alirekodi kwa simu Nembris akicheza, picha ikazunguka, ikafika gereji. Wenzake walimwonyesha wakimcheka, mkeo huyo kabeba mbuzi wewe unabeba spana. Na Nembris alikuwa amemwambia yuko anasuka. Alichukia kudanganywa, alichukia kuchekwa. Akampelekea picha baba yake mdogo, ambaye ni mzee wa kanisa, akamwomba wamwonye Nembris aache puli kabla hawajaoana. Alidhani wataongea naye faragha, wamwombee, yaishe. Hakujua yatafika mbele ya usharika. Yalipofika, na Nembris akasema ni Ndeshi ameniuza...

"Nilinyamaza," akasema. "Nikasema nitamwambia kesho. Kila siku nikasema kesho."

Kesho ilikuja baada ya mwaka, Karatu, walipogombana. Ikamtoka. Nembris hakupiga kelele. Alifunga mfuko wake asubuhi, akapanda gari kuja Arusha kunitafuta. Namba yangu haikupatikana. Saluni ya Sakina wakamwambia niliondoka. Akaenda Sekei kwa mama.

"Alirudi akaniambia amekuachia kitu chako," Elisante akasema. "Akasema utakuja. Alikuwa anakungojea."

Mungu wangu... alikuwa ananingojea.

Sikula. Niliteremka kwa miguu mpaka Sekei, viatu mkononi. Mama naye alikuwa ametangulia kurudi, anamenya ndizi uani. Nilimuuliza Nembris alipokuja aliacha nini.

Mama akafikiri. "Hakuacha kitu, mwanangu. Alileta ile bluu aliyokuazima."

"Bluu gani, mama?"

"Bluu ya kufulia nguo nyeupe. Kile kibonge. Nikataka kumpa namba yako mpya, akasema hapana, nikupe hicho tu, utaelewa. Nikataka nikuambie siku ile kwenye simu ukasema hutaki habari zake. Nikaona bluu nayo ni kitu cha kugombania? Nikaloweka nayo vitambaa vya kanisa." Akatikisa kichwa. "Bluu zenyewe za siku hizi ni feki. Haikuyeyuka vizuri, ikaniwekea madoa, nikafua upya siku nzima."

Wasomaji wa umri wa mama yangu mtaelewa. Zamani bluu ya kufulia ilikuwa inauzwa vibonge vidogo vya pembe nne, vya bluu. Mama hajawahi kuikaribia meza ya puli maishani mwake. Angejuaje?

Nikamuuliza iko wapi. Akaniambia itazame kwenye kopo la sabuni, hakutupa, hatupi kitu. Nikaikuta chini kabisa, imegandiana na vipande vya sabuni, imeliwa upande mmoja na maji. Katikati kile kishimo cha kuingizia ncha ya fimbo kilikuwa bado kipo.

Nilikaa chini pale pale uani. Mama aliacha ndizi akaja kunishika. Alikuwa ananiuliza, "Mwanangu, ni bluu tu, kuna nini?" Nami nashindwa kumweleza. Nimweleze nini? Kwamba rafiki yangu alikuja kuniomba samahani kwa njia yetu, na samahani yake imefulia vitambaa? Kwamba alikaa miezi anangoja nije nichukue zamu yangu, akafa akidhani nimemkatalia? Sikumlaumu mama hata kidogo. Mama alitaka kuniambia. Mimi ndiye niliyefunga simu.

Siku ya tatu tulipopanda tena juu kwa sala, nilijitenga nikaenda kwa Bibi Mwambe, shamba la jirani. Nilimpa shikamoo, akaitikia akanikumbuka, akasema wewe ndiye ulitaka kunipora fimbo yangu. Nikamwomba anionyeshe. Akanipeleka nyuma ya zizi, akaniambia mgomba ule wa kwanza ulishakatwa, fimbo sasa iko kwa mgomba mtoto uliochipuka pale.

Ilikuwa imesimama kwenye matope, imeegemea mgomba, mkungu mkubwa umelalia juu yake. Nyuzi zangu zilikuwa zimepauka, nyekundu imekuwa kama udongo, lakini hazijafumuka hata moja. Bibi alikuwa ameweka kishikio chini, ncha ikawa juu, inagusa shina la mkungu.

Bibi akaniambia kama naitaka sana niichukue, atatafuta mti mwingine. Nikautazama ule mgomba ulivyoinama. Shamba lote pale linalala kuelekea chini, mjini, kama ile meza ya Sakina. Nikiuchomolea fimbo ile utaanguka.

Nikamwambia hapana bibi, iache, inafanya kazi nzuri.

Nilitoa chaki mfukoni. Nikanyoosha mkono mpaka kwenye ncha, nikapaka. Taratibu, kwa kuzungusha, kama alivyonifundisha. Bibi Mwambe alinitazama bila kuuliza kitu. Sasa sijui nani alikuwa anampakia nani... mimi nilichojua ni kwamba sikutaka ile chaki ibaki na zamu ambayo haijachezwa.

Ndugu zangu mnaosoma, mimi sina elimu ya kuwashauri watu. Nina hili moja tu. Ukiambiwa rafiki yako kakuuza, nenda kamuulize yeye mwenyewe, hata kama unatetemeka. Na wewe unayesingiziwa, usijifungie ndani ukisubiri akutafute. Mfuate. Mimi na Nembris tulitenganishwa na uongo ambao hakuna aliyeusema. Elisante alinyamaza, Nembris akanyamaza, mimi nikanyamaza. Kimya chetu ndicho kilichosema.

Na jambo la mwisho, naliomba kwa magoti. Mtu uliyemkasirikia akikuletea salamu, pokea kwanza. Hasira yako haitaenda popote, utaikuta. Lakini salamu... mwache mama amalize sentensi.

Mimi bado nasuka, bado naota. Saluni yenye meza ya puli nitaifungua siku moja, Mungu akipenda. Na nikiifungua, fundi akija kuipanga ile meza, nitamwambia asihangaike kuiweka sawa sana. Aiache ilale kidogo tu, kuelekea barabarani.